Kumchukua Mtoto wa Mbwa Chotara: Yampasayo Mlaji Kuyajua Kabla ya Kufungua Lango

(Mazungumzo yaliyotolewa na ofisa mifugo mstaafu mbele ya wakazi wa Utemini, Manispaa ya Singida, katika kuadhimisha Siku ya Haki za Mlaji Duniani)

  

Nimeombwa niseme juu ya mbwa, na nimewaona baadhi yenu mkitabasamu. Katika siku kama hii tumezoea kusikia habari za mizani iliyochezewa, unga uliopita muda wake, na vifaa bandia vya umeme. Mbwa anaingiaje humo? Anaingia kwa sababu ni miongoni mwa vitu vichache ambavyo mtu huviingiza nyumbani kwake bila kuuliza swali hata moja, na ambavyo vikiwa na kasoro vyaweza kumwua mtoto wa nyumba hiyo. Simu ikiwa mbovu utapoteza fedha. Mbwa asiye na chanjo anaweza kukupotezea mtu.

Siku hii ina asili yake. Tarehe 15 Machi 1962, Rais John F. Kennedy wa Marekani aliliambia Bunge la nchi yake kwamba mlaji ana haki nne: haki ya usalama, haki ya kupewa taarifa, haki ya kuchagua, na haki ya kusikilizwa. Haki nyingine ziliongezwa baadaye, lakini hizo nne zatutosha leo. Ni nne kama miguu ya mbwa mwenyewe. Ukimvunja mmoja, anachechemea.

Kabla sijazifikia, niruhusuni niwasimulie kosa langu mwenyewe.

Kosa la mtu aliyejua

Miaka mingi iliyopita, nikiwa tayari nimeitumikia mifugo kwa muda mrefu, nilikuwa safarini. Katika kituo cha mabasi cha mji mmoja alinijia kijana mwenye boksi. Ndani yake alikuwamo mtoto wa mbwa, mweusi mwenye mabaka ya hudhurungi, masikio yakiwa bado yameanguka. Kijana akaniambia kwamba huyo ni mbwa wa Kijerumani halisi, ana miezi mitatu, amekwisha kuchanjwa. Akanionyesha karatasi yenye mhuri usiosomeka. Basi lilikuwa linaunguruma, kondakta anapiga bodi kwa kiganja, nami nilikuwa nimewaahidi wanangu zawadi. Nikalipa shilingi 120,000, nikapanda.

Siku ya nne mbwa yule alikataa chakula. Siku ya tano alitapika na kuhara damu. Siku ya sita alfajiri, binti yangu alimkuta amekauka kando ya bakuli la maji. Ulikuwa ugonjwa wa parvo. Nilipomfungua kinywa, tayari nimechelewa, niliona ambalo ningeliona kule kituoni kama ningeinama kwa nusu dakika: meno yake ya utoto yalikuwa hayajakamilika. Hakuwa na miezi mitatu. Hakuwa amefikisha hata majuma manane. Alikuwa ameachishwa titi kabla ya wakati, na ile karatasi ilikuwa karatasi tu.

Maarifa nilikuwa nayo, ndugu zangu, lakini sikuyatumia. Haraka ya basi ilinishinda. Na hasara haikuishia kwenye zile fedha. Virusi vya parvo ni vigumu kufa. Hudumu katika udongo kwa miezi mingi, hata kufikia mwaka na zaidi. Kwa hiyo ua wangu wote ukawa hatari kwa mbwa mwingine yeyote mchanga, na wanangu wakakaa zaidi ya mwaka mzima wakiniuliza ni lini.

Nilipomleta mbwa mwingine, sikumtafuta mbali. Jirani yangu hapa hapa Utemini alikuwa na mbwa jike aliyejulikana mtaa mzima kwa upole wake kwa watoto na ukali wake kwa wageni wa usiku. Baba wa watoto wale hakuna aliyemjua. Nikamchukua mmoja, chotara wa rangi ya udongo, mkia umejikunja. Baadhi ya wenzangu kazini walicheka: ofisa mifugo mzima anafuga mbwa koko! Kwa ajili ya vicheko hivyo tukampa jina la Watasema. Aliishi nasi miaka kumi na miwili.

Chotara ni mbwa gani?

Chotara ni mbwa ambaye wazazi wake si wa aina moja iliyozalishwa kwa mpango. Mbwa wengi wa mitaa yetu ni wa namna hiyo, na wengi wao ni wazao wa mbwa wa asili wa Afrika: mwili mwembamba, nywele fupi, mguu mrefu. Neno koko limekuwa tusi, lakini mnyama mwenyewe hakustahili tusi hilo. Joto, jua na chakula cha kawaida cha nyumba zetu amevizoea kwa vizazi vingi. Tena, kwa kuwa damu yake imechanganyika, magonjwa fulani ya kurithi yanayowasumbua mbwa wa aina halisi, kama vile kasoro ya nyonga kwa mbwa wakubwa, aghalabu humpata kwa uchache zaidi.

Lakini hapa ndipo penye kosa la wengi. Utasikia mtu akisema, "Huyu ni koko, haumwi, hahitaji chanjo." Si kweli. Mchanganyiko wa damu haumkingi na kichaa cha mbwa, haumkingi na parvo, haumkingi na distempa, wala haumkingi na minyoo na kupe. Watoto wengi wa mbwa koko hufa kabla ya kutimiza mwaka. Sisi tunawaona wale waliobaki, tukadhani kwamba wote ni wagumu.

Anatoka wapi?

Katika nchi nyingi, mtu anayetaka mbwa bila kumnunua huenda kwenye kituo cha kuwahifadhi wanyama walioachwa. Vituo vya namna hiyo vipo pia katika ukanda wetu. Nairobi kipo chama kiitwacho KSPCA, ambacho asili yake ni mwaka 1910. Mbwa wanaotolewa pale huwa wamechanjwa na kufungwa uzazi. Kwetu Tanzania, pale Usa River mkoani Arusha, lipo shirika la Mbwa wa Africa, linalookoa mbwa na kuwatafutia nyumba. Kwa mtu wa Singida, hiyo ni safari ya zaidi ya kilomita 300, na si kila mtu ana nauli ya kumfuata mbwa Arusha.

Basi mtoto wa mbwa wa Utemini huja kwa njia nyingine: kwa jirani ambaye jike lake limezaa, kwa mchuuzi wa stendi au mnadani, kwa tangazo la simu lenye picha nzuri, au hukutwa tu, amefungwa ndani ya mfuko wa sulufeti na kutupwa karibu na dampo. Huyo wa mwisho nimemwokota zaidi ya mara moja katika utumishi wangu, na kila mara nilijiuliza ni nani aliyeweza kuufunga mfuko ule huku akisikia sauti ndani yake.

Kwa hiyo nawaomba jambo moja, na mkisahau mengine yote, hili lishikeni. Kituo kizuri hakimtoi mbwa kwa kila anayenyoosha mkono. Huuliza: una ua? Nani atamlisha? Utamchanja wapi? Mwenye nyumba amekubali? Humkagua mbwa kabla ya kumtoa, na humfungulia kadi. Kama kituo kiko mbali, maswali yake hayana nauli. Jiulize mwenyewe, kisha umwulize yule anayekupa. Hapo hata ua wa jirani utakuwa umegeuka kituo.

Haki ya kupewa taarifa

Taarifa ya kwanza ni umri. Mtoto wa mbwa asitenganishwe na mama yake kabla ya majuma manane. Katika majuma hayo hapati maziwa peke yake. Hujifunza pia kutoka kwa mama na ndugu zake kiasi gani cha kuuma ni mchezo na kiasi gani ni kuumiza. Aliyeondolewa mapema mara nyingi huwa mwoga au mwumaji. Umri hauhitaji kuamini neno la mtu. Macho hufunguka yakaribiapo majuma mawili. Meno ya utoto huanza kuchomoza kati ya juma la tatu na la sita, na kufikia majuma manane huwa yamekamilika, yote 28, membamba na makali kama sindano. Meno ya mbele ya ukubwani huanza kuonekana katika mwezi wa nne hivi. Mfungue kinywa taratibu uhesabu.

Taarifa ya pili ni mama. Omba kumwona. Tabia ya mama ndiyo kipimo cha karibu kuliko vyote cha tabia ya mtoto, na hali ya mwili wake hukuonyesha kama watoto wamenyonya vizuri. Muuzaji akikwambia kwamba mama yuko mkoa mwingine, nawe sema kwamba fedha zako ziko mkoa mwingine.

Taarifa ya tatu ni kadi ya chanjo. Kadi ya kweli huwa na jina la chanjo, namba ya toleo la dawa, ambayo aghalabu ni karatasi ndogo iliyobanduliwa kwenye kichupa, tarehe, na jina pamoja na saini ya mtaalamu aliyechanja. Mtaalamu huyo awe ametambuliwa na Baraza la Veterinari, lililoundwa kwa Sheria ya Veterinari Na. 16 ya mwaka 2003. Unayo haki ya kumwuliza. Mtaalamu wa kweli hatachukia swali hilo; mimi niliulizwa mara chache mno katika maisha yangu, na kila nilipoulizwa nilifurahi.

Taarifa ya nne ni aina. Ukiambiwa kwamba mbwa ni wa aina halisi na bei ikapandishwa kwa sababu hiyo, taka uthibitisho. Ukikosekana, mhesabu kuwa chotara na ulipe bei ya chotara. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Yule wa boksi alikuwa anatembezwa.

Haki ya kuchagua

Utakapofika mbele ya watoto wa mbwa, usimchukue wa kwanza anayekulilia. Kaa chini, tazama kwa robo saa. Mtoto mwenye afya ana macho maang'avu yasiyo na tongo nyingi, pua isiyotoa makamasi mazito, na ufizi wa rangi ya waridi. Ufizi mweupe ni dalili ya upungufu wa damu, mara nyingi kwa sababu ya minyoo au viroboto. Tumbo lililotuna kama ngoma huku mbavu zinahesabika, hiyo nayo ni minyoo. Tazama nyuma, chini ya mkia: pawe pakavu na safi. Chunguza ndani ya masikio na katikati ya vidole, ambamo kupe hujificha. Piga makofi kidogo: anayeshtuka kisha akaja kunusa ni mzuri, anayekimbia na kujibana pembeni asitoke atahitaji uvumilivu mwingi, anayeng'aka na kuwasukuma wenzake wote kwenye chakula huenda asifae nyumba yenye watoto wadogo.

Haki ya kuchagua ni pamoja na haki ya kuondoka mikono mitupu. Mbwa anaweza kuishi miaka kumi hadi kumi na mitatu. Mtoto anayeingia darasa la kwanza leo anaweza kumaliza kidato cha nne mbwa huyo angali mlangoni. Kabla hujasema ndiyo, chukua karatasi uandike: chakula cha kila siku, chanjo za kila mwaka, dawa ya minyoo, dawa ya kupe, banda, mnyororo wa dharura, na akiba ya matibabu. Zidisha kwa miezi kumi na miwili. Kama jumla inakutisha leo, itakutisha zaidi Januari, wakati wa sare na madaftari. Kusema "si mwaka huu" ni uungwana kuliko kumtupa baadaye.

Na kwa wanaonunua kwa simu: usitume fedha kwa mbwa ambaye hujamshika kwa mikono yako. Picha moja inaweza kutumiwa na watu kumi. Ukilipa, hifadhi ujumbe wa muamala, na kama muuzaji ni mfanyabiashara, dai risiti.

Haki ya usalama

Sasa nafika penye uzito wote wa mazungumzo haya. Kichaa cha mbwa, dalili zake zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mara humalizikia kaburini. Duniani kote kinakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao barani Asia na Afrika, na takribani nne kati ya kila kumi ni watoto walio chini ya miaka 15. Hadi asilimia 99 ya maambukizi ya binadamu hutoka kwa mbwa. Na ugonjwa huu wa kutisha hivyo una kinga iliyojulikana tangu siku za Louis Pasteur, mwaka 1885. Ndiyo maana kila 28 Septemba, siku aliyofariki Pasteur, dunia huadhimisha Siku ya Kichaa cha Mbwa.

Tunao ushahidi wa nyumbani. Kisiwani Pemba, kampeni za kuchanja mbwa zilikikomesha kichaa cha mbwa mwaka 2014. Mwaka 2016 kiliingizwa tena kisiwani, kikaenea; chanjo zikarudiwa, na kufikia mwishoni mwa 2018 kikakomeshwa tena. Hapo pana mafunzo mawili. La kwanza, kinashindika. Wataalamu husema kwamba mbwa saba katika kila kumi wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. La pili, mnyama mmoja mgonjwa akiletwa kutoka kwingine anaweza kuharibu kazi ya miaka. Kwa hiyo ukimleta mbwa kutoka mkoa mwingine, pitia kwanza kwa ofisa mifugo, ujue vibali na chanjo zinazotakiwa.

Mtoto wa mbwa huchanjwa dhidi ya kichaa afikishapo miezi mitatu, kisha hurudiwa kama kadi inavyoelekeza. Ikipita kampeni ya serikali mtaani, mpeleke. Chanjo za parvo na distempa huanza katika juma la sita hadi la nane, na kurudiwa kila majuma matatu au manne mpaka afikishe majuma kumi na sita. Kabla ya hapo usimzungushe mitaani. Dawa ya minyoo huanza mapema, akiwa na majuma mawili, hurudiwa kila majuma mawili hadi miezi mitatu, kisha kila mwezi hadi miezi sita. Minyoo ya mbwa huwapata watoto wetu pia, hasa wanaocheza mchangani.

Chanjo lazima ikae kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Mtu akiitoa kwenye mfuko wa suruali, hata kama kichupa ni cha kweli, unanunua maji. Na dawa ya kuogeshea ng'ombe msiipime kwa macho mkampaka mtoto wa mbwa. Nimeona wakitetemeka na kufa jioni ile ile.

Mbwa yeyote akimwuma mtu, awe mkubwa au mtoto, awe wako au wa jirani: osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano kamili. Kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo ukaanze chanjo, na umalize dozi zote. Usipake majivu, pilipili wala mafuta ya taa. Usisubiri kuona kama mbwa atakufa. Mbwa aliyeuma, kama anapatikana, afungiwe salama na kutazamwa kwa siku kumi. Taarifa apewe ofisa mifugo.

Nawarejesha kwa Watasema. Katika mwaka wake wa tatu, mbwa mgeni alipita mtaani kwetu akiyumba, udenda unamtoka. Alimwuma mvulana wa jirani mguuni, kisha akapigana na Watasema langoni. Mama wa mvulana alimwosha pale pale bombani, nami nilikuwa nimeshika saa. Tukaenda hospitali kabla ya jua kuzama. Huku nyuma watu walikuja na marungu, wakitaka Watasema naye auawe. Niliporudi niliwatolea kadi. Tarehe ya chanjo ilikuwa haijapita. Akachanjwa tena siku iliyofuata, akafungiwa siku arobaini na tano chini ya uangalizi, hakuugua. Mvulana yule leo ni baba wa watoto wawili. Nami hadi leo kadi ile ninayo sandukuni, pamoja na vyeti vyangu vya shule.

Nyumbani

Siku ya kwanza mletee kitambaa chenye harufu ya mama yake, umpe mahali pakavu pasipo na upepo. Upepo wa Singida wa Juni na Julai mnaujua. Usimwogeshe juma la kwanza. Mpe chakula kile kile alichozoea, mara tatu au nne kwa siku, kisha badilisha kidogo kidogo. Ugali peke yake haumtoshi. Changanya dagaa, utumbo au mabaki ya nyama yaliyoiva. Maji safi yawepo daima.

Mkoa wetu unasifika kwa vitunguu na kwa kuku wa kienyeji, na vyote viwili vina hatari kwa mbwa. Kitunguu huharibu chembe za damu yake, basi usimmwagie mchuzi wenye vitunguu vingi. Mfupa wa kuku uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha na kuweza kutoboa utumbo. Wala msimpe mahindi yaliyoota ukungu mkidhani kwamba ni "ya mbwa tu." Mwaka 2016, sumukuvu iliua watu katika mikoa jirani ya Dodoma na Manyara, mbwa naye humdhuru vile vile.

Wako wanaomfungia mbwa kibandani mchana kutwa ili awe mkali, wanaomlisha pilipili, wanaomkata masikio. Ukali wa namna hiyo ni woga uliogeuzwa, nao hauchagui kati ya mwizi na mtoto wako. Mbwa hulinda vizuri anapoijua nyumba yake na kuipenda.

Wajibu, na haki ya kusikilizwa

Kila haki ina wajibu wake. Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amtunze na inakataza ukatili. Mfungieni mbwa uzazi. Jike mmoja anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, na hao ndio wanaoishia kwenye mifuko ya sulufeti. Waheshimuni majirani. Ndugu zetu Waislamu wanajua kwamba mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa mawindo ana nafasi yake, lakini mate yake yana hukumu katika tohara. Basi si uungwana mbwa wako azurure kwenye baraza la mtu anayejiandaa kwa swala. Lango lako ndilo mpaka wa mbwa wako.

Na ikiwa umedanganywa? Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Andika tarehe, mahali, maneno uliyoambiwa na kiasi ulicholipa. Tunza kadi na ujumbe wa muamala. Anza kwa muuzaji mwenyewe. Akikukatalia, nenda Tume ya Ushindani. Ikiwa ni mtaalamu wa mifugo aliyekiuka maadili, peleka malalamiko Baraza la Veterinari. Ikiwa umetapeliwa kwa simu, nenda polisi. Mimi sikulalamika. Niliona aibu, nikanyamaza, na bila shaka yule kijana aliuza boksi jingine juma lililofuata. Aibu ya mlaji ndiyo mtaji wa tapeli.

Ndugu zangu, sikuja kuwakataza. Nimekuja kuwaombea wale walio katika mifuko, na kuwaombea watoto wenu. Jirani atakapokuja kwako akiwa na kitoto cha mbwa mkononi, mkaribishe akae. Mfungue mbwa kinywa, uliza habari za mama, uliza kadi. Ukiridhika, fungua lango. Watakaocheka watacheka. Watasema.



Ya kukumbuka

1. Majuma manane au zaidi, hesabu meno.
2. Mwone mama.
3. Soma kadi, mjue aliyechanja.
4. Andika gharama za mwaka mzima kabla ya kukubali.
5. Kichaa cha mbwa: chanjo afikishapo miezi mitatu, na kurudia kwa wakati.
6. Ameuma: sabuni na maji dakika kumi na tano, kisha kituo cha afya siku hiyo hiyo.
7. Mfunge uzazi; usimtupe kamwe.
8. Umedanganywa: tunza ushahidi, toa taarifa.